Beseni Lililovaa Koti

Nilirudi kutoka kwa jirani nikakuta beseni langu katikati ya ua, limefudikizwa juu ya stuli ya jikoni, limevaa koti.

Sina neno jingine la kulieleza. Lilikuwa koti gumu la rangi ya asali nyepesi, na ukiinama unaona nyuzi zimelala ndani yake huku na huku. Chini ya nyuzi hizo enameli yangu nyeupe ilikuwa ikichungulia kama mtu aliye nyuma ya dirisha la bafu. Pembeni alisimama mtu mwenye miwani mikubwa ya kazi, barakoa yenye vichujio viwili mashavuni, na glavu za mpira zilizofika viwikoni. Nilimtambua kwa miguu. Miguu ile nimeiosha mwenyewe miaka mingi.

"Bibi, usikasirike," mjukuu wangu alisema ndani ya barakoa.

"Sijakasirika. Bado naangalia."

"Limekataa kutoka."

"Nini kimekataa kutoka?"

"Faiba. Imeng'ang'ania beseni."

Nikaweka mkoba wangu chini, nikagonga koti kwa kifundo cha kidole. Gumu kama kwato ya ng'ombe.

Beseni lile babu yake alilinunua asubuhi mama yake alipozaliwa, akalibeba kichwani njia nzima kwa sababu mikononi alikuwa na vitu vingine. Nimemwogeshea humo mama yake, nikawaogeshea wajomba zake, na mwisho nikamwogeshea yeye mwenyewe huyu aliyevaa barakoa. Lina kovu moja la bluu kwenye ukingo, mahali mjomba wake mdogo alipolipiga kama ngoma kwa mwiko. Kwingine kote lilikuwa zima.

"Kwa nini beseni langu, mke mwenzangu?" nilimuuliza. Ndivyo ninavyomwita tukiwa wawili.

"Kwa sababu umbo lake ni lilelile la mtihani. Na nilipaka nje tu, Bibi, makusudi! Ili ndani pasiharibike, uendelee kufulia."

Nikamtazama. Ndani ya kosa lote lile alikuwa amenifikiria. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai ili asinione ninacheka.

Huyu mjukuu wangu watu humwita Kiherehere, na hawamsingizii. Alizaliwa mwezi mzima kabla ya siku zake, mkunga hata hajavua viatu. Alitembea kabla ya kutambaa, akajibu maswali ya darasani kabla hayajaisha kuulizwa. Mwaka huu alipata nafasi ya mafunzo ya miezi sita kwenye karakana ya faiba, wale watu wanaotengeneza matangi ya maji, mashua, viti vya ukumbini na mabomba makubwa. Kiwanda kilicho ukuta mmoja na karakana huajiri wenye cheti cha pale, na asiye nacho hata langoni haulizwi jina.

Aliponieleza kazi yenyewe mara ya kwanza, nilimwambia, "Huo si ushonaji tu, ila mmetia gundi?" Maana mimi nimeshona sare za shule miaka thelathini na minane. Wao huchukua kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, wakakilaza juu ya kalibu yenye umbo wanalolitaka, wakakilowesha kwa resini, ambayo ni kama gundi nzito, kisha wakaongeza kitambaa kingine na resini nyingine, tabaka juu ya tabaka. Resini wanaitia dawa ya kuigandisha. Ukishaitia una dakika ishirini tu, halafu inaanza kuwa kama uji uliopoa, halafu jiwe.

Kitambaa peke yake hulegea, resini peke yake huvunjika. Vikishikana, gari linapita juu yake. Maneno hayo si yangu, ni ya mwalimu wao, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, ambaye wanafunzi humwita Mama Rola kwa sababu haonekani bila ile rola ndogo ya chuma ya kukamulia mapovu ya hewa. Nasikia hata chai huikoroga nayo, lakini hilo nimeambiwa na Kiherehere.

Sasa, Kiherehere alikuwa amefeli mtihani wa mwisho mara moja. Mtihani ni kutengeneza mfuniko wa tangi, umbo la bakuli kubwa lililofudikizwa. Yeye alikuwa wa kwanza kumaliza, saa nzima kabla ya wenzake. Alizidisha dawa ili ikauke mapema, kitambaa kikajikunja kwenye mteremko, na kila mkunjo ukafungia hewa ndani. Mama Rola alipogonga mfuniko kwa sarafu, kama wanavyofanya, sehemu nzuri zilisema ti, ti, ti, na sehemu zenye hewa zikasema du. Alihesabu du kumi na nne.

Ijumaa ya wiki ile ya beseni ndiyo ingekuwa mara ya pili na ya mwisho. Akifeli tena atoke, angoje darasa jingine baada ya mwaka, na huenda wasimchukue. Tangu siku aliyofeli hakula vizuri. Aliniambia hajali. Nilimsikia anavyosugua sufuria, nikajua anajali.

Basi Mama Rola alikuwa amempa mabaki ya kitambaa na kopo dogo la resini ajifunzie nyumbani, nje, palipo na hewa, amevaa vitu vyake vyote. Hakumpa nta. Au alimpa, na Kiherehere akatoka mbio kabla hajapokea. Hadithi hii ina pande mbili. Kalibu hupakwa nta ili kazi ibanduke.

"Niliona linateleza, Bibi," alisema. "Enameli! Nikasema nta ya nini?"

Nilimwita Fundi Baiskeli wa nyumba ya pili. Huyo ni mjane kama mimi, na kwa miaka sita amekuwa akinichumbia kwa utani, au labda si utani, sijamuuliza. Alikuja na vyuma vyake vya kutolea tairi.

"Bibi Cherehani," alisema kwa sauti ya mlango wa pili kusikia, "hatimaye umemwita mwanaume."

"Nimeita vyuma. Wewe umevileta tu."

Akacheka. Kabla ya kuchomeka chuma kwenye ukingo alitoa kitambaa chake cha mfukoni, kisafi, kimepigwa pasi, akakifunga kwenye ncha ili asikwaruze enameli. Niliona.

Wakavuta. Kiherehere alishika beseni, Fundi akashika koti, mimi nikashika stuli. Stuli ilitoka. Kiherehere alikaa chini kwa kishindo na beseni mapajani, koti liko palepale.

Fundi Baiskeli akajifuta jasho kwa kile kitambaa. "Hili si beseni tena," alisema. "Hii ni ndoa."

*

Kesho yake Kiherehere alirudi kutoka karakana, uso umemshuka.

"Nimemweleza Mama Rola. Anataka nilipeleke siku ya mtihani."

"Ulipeleke wapi?"

"Ni sheria yao. Kila kilichotengenezwa kwa nyuzi za karakana lazima kirudi, kizima au kibovu. Vibovu vinatundikwa ukutani, na jina la mwenyewe."

"Beseni langu likatundikwe ukutani?"

"Bibi..."

"Basi nitakwenda nalo. Halitoki humu peke yake."

Alinikodolea macho. "Bibi, wewe kwenye mtihani wangu?"

"Mimi siendi kwenye mtihani. Nasindikiza beseni."

Jioni ile, kukiwa bado na mwanga, nilimwambia anionyeshe alivyokilaza kitambaa. Alichukua shuka kuukuu, akalitupa juu ya beseni, akalivuta huku na huku kama mtu anayetandika kitanda kwa hasira. Mikunjo ikajaa pembeni.

"Unamvalisha nani?" nilimuuliza.

"Simvalishi mtu. Nafunika kalibu."

"Hapo ndipo unapokosea. Hebu mwone huyu kuwa ni mtu mnene wa tumbo, na wewe unamshonea shati. Utalivuta shati mpaka tumbo liishe?"

Akacheka, kidogo tu, lakini kwa mara ya kwanza wiki ile.

Nikachukua mkasi wangu na chaki yangu ya kushonea, nikamwonyesha. Unaanzia kileleni, unalaza kwa kiganja kuja chini, na pale kitambaa kinapotaka kujikunja hukilazimishi. Unakitia alama ya chaki, unakikata mkato mwembamba kama jani, halafu unaziacha kingo mbili zipandane. Kwenye nguo ningeshona pale. Kwao resini inashona. Mikato ya tabaka la pili usiiweke juu ya mikato ya tabaka la kwanza, maana hata suruali ikiwekwa mishono yote mahali pamoja itapasukia hapo.

"Mama Rola alisema hivyohivyo," alisema polepole. "Ile ya mikato kutopandana. Nilikuwa sijamwelewa."

"Alisema mara ngapi?"

"Mara moja. Nilikuwa nimeshaanza kukata."

Kwa kuwa hatukuwa na resini tena, tulitumia wanga niliozoea kutia kwenye kola, nikaupika mzito. Beseni lenye koti tukalipaka nta ya mshumaa. Alilaza shuka, akakata, akalowesha, akapitisha chupa ya kioo badala ya rola. Mara ya kwanza alimaliza kwa dakika sita, akasimama ameshika kiuno. Nikabandua shuka, nikamwonyesha mapovu.

"Saa ya ukutani inasema una dakika kumi na nne zaidi," nilimwambia. "Unazipeleka wapi?"

"Mkono unanituma, Bibi."

"Usiuache ukutume. Wewe ndiye mwenye mkono."

Tulirudia siku tatu. Majirani walianza kuulizana kwa nini shuka moja linafuliwa kila jioni. Siku ya tatu alitumia dakika kumi na tisa, na shuka lilipobanduka lilikuwa limeshika umbo la beseni kama kofia. Fundi Baiskeli, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti chetu bila kazi ya maana, aliivaa, akatembea nayo mpaka kwake. Hajairudisha.

*

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa langoni. Nilikuwa nimelifunga beseni kwa kitenge kuukuu. Kijana mmoja wa darasa lao, anayeitwa Profesa kwa sababu ana maelezo ya kila kitu, alikuja akanipokea mzigo bila kuombwa.

"Shikamoo Bibi. Huyu ndiye mgonjwa?"

"Marahaba. Ndiye. Mbebe kwa heshima, amemwogesha mwenzako huyo."

Kiherehere alifunika uso.

Karakana ni jengo refu lenye paa la bati na milango mipana miwili iliyofunguliwa kote ili hewa ipite. Harufu yake ni kali, ya kuingia puani na kukaa. Kalibu sita za mifuniko zilikuwa zimepangwa juu ya meza, na kila meza ina kitambaa kilichopimwa, makopo matatu ya resini iliyopimwa, chupa ndogo ya dawa, brashi, rola na mkasi. Resini ya mtihani huwa imetiwa rangi ya kijivu, kwa hiyo ikishaganda macho hayaoni kilicho ndani.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umejaa vitu vibovu. Mabakuli yaliyopinda, nusu ya kiti, bomba lililobonyea kama soksi. Kila kimoja kina jina la utani na tarehe. Juu kabisa palikuwa na stuli yenye glavu ya mpira imegandia ndani, vidole vitano vimenyooka kama inasalimia watu.

"Ya nani ile?" nilimuuliza Mama Rola alipokuja kuniamkia.

"Yangu," alisema. "Wiki yangu ya pili. Mkono niliuwahi kuutoa."

Alilifungua beseni kwenye kitenge, akaligeuza, akapitisha kidole chini ya ukingo. Akamwita Kiherehere.

"Hata ungelipaka nta debe zima lisingetoka. Umeona hapa? Kitambaa umekikunjia chini ya ukingo. Umelivalisha koti halafu ukalifunga vifungo."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini mapovu hayapo mengi." Akaliweka juu ya kabati. "Nenda kwenye meza yako."

Mimi aliniwekea kiti karibu na mlango, penye hewa, akakunja koti lake la kazi akaliweka juu ya kiti liwe mto, akanipa barakoa. Alifanya yote hayo bila kuniangalia usoni, kama mtu anayepanga vifaa.

Saa tatu akapuliza filimbi.

Sitasema nilikuwa mtulivu. Mjukuu wangu alipaka nta, akaisugua ikang'aa, akangoja. Akapaka tena. Wenzake wawili walikuwa wameshaanza kukata kitambaa, na niliona mguu wake wa kulia ukitikisika chini ya meza, ule mguu wa haraka. Alipaka mara ya tatu. Ndipo akalaza kitambaa kwa kiganja kutoka kileleni kuja chini, akatia alama, akakata mikato myembamba kama majani. Akapima dawa, akainua chupa mpaka usawa wa macho, akamimina. Kopo la kwanza, tabaka la kwanza. Rola ikapita taratibu, na viputo vikatoka pembeni. Kopo la pili hivyohivyo, mikato imehama mahali. Niliangalia saa ya ukutani. Alikuwa anatumia dakika zake zote.

Alikuwa ameshachanganya kopo la tatu, ameanza nalo, nilipoona moshi.

Haukuwa kwake. Ni meza ya pili, kwa Profesa. Yeye alikuwa ameona makopo matatu ni usumbufu, akamimina resini yote kwenye ndoo moja, akatia dawa yote, kisha akageuka kumweleza jirani yake kwa nini hiyo ndiyo njia bora. Resini nyingi ikikaa pamoja hujichemsha yenyewe. Ndoo ilikuwa inatoa moshi nyuma ya mgongo wake, na yeye yumo katika sababu ya pili. Mama Rola alikuwa mwisho kabisa wa jengo, ameinamia kazi ya mwingine.

Hapo kiherehere kilisaidia. Mjukuu wangu alitupa brashi, akaruka kama paka, akashika ndoo kwa mshikio wake, akapita mbele yangu mbio, "Pisha Bibi, pisha Bibi," ingawa mimi sikuwa njiani. Akaizamisha kwenye rundo la mchanga uani, akasukumia mchanga mwingine juu. Akasimama mpaka alipohakikisha haiwaki. Profesa alibaki ameinua kidole kimoja hewani.

Aliporudi mezani, kopo lake la tatu lilikuwa limeanza kuwa zito. Aliligeuza, na resini ikateremka kwa uvivu. Nyingine hakuna, kila mtu ana kipimo chake. Alifanya kazi haraka kadiri alivyoweza, na mara hii haraka ilikuwa halali yake, lakini mahali fulani upande wa kushoto nilimwona anakandamiza rola mara mbili, mara tatu, uso umekaza. Kisha resini ikakataa.

Mama Rola alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nimeona ulichofanya," alisema. "Asante. Lakini mfuniko utakwenda kwenye tangi la mtu, na tangi halijui kama uliokoa karakana."

"Najua, Mama."

"Vizuri."

*

Tulingoja mpaka saa tisa alasiri igande sawasawa. Tulikunywa chai. Profesa ndiye aliyemimina vikombe vyote. Mwisho akamwambia Kiherehere, "Samahani." Akajibiwa, "Nyamaza, kunywa chai." Yeye alikuwa bado na nafasi yake ya pili. Kiherehere hakuwa nayo.

Mifuniko ilibanduliwa. Wa kwake ulitoka kwa mkono mmoja, taratibu, kama kofia inayovuliwa mbele ya wakubwa. Ile nta mara tatu.

Halafu ikaja sehemu niliyokuwa naiogopa. Kwao kuna desturi: kabla Mama Rola hajagonga, kila mwanafunzi hupewa robo saa agonge kazi yake mwenyewe. Kasoro akiiona yeye, anaizungushia chaki, na hiyo inahesabiwa kuwa kazi iliyobaki. Ataikwangua na kuiziba siku nyingine. Zikizidi tatu amefeli, hata kama ameziona zote. Na ile atakayoikuta Mama Rola bila chaki, hata iwe moja, amefeli hapohapo. Mara ya kwanza Kiherehere aligonga mara tatu akaweka sarafu chini.

Sasa aliishika sarafu, akajipapasa mfukoni, akajipapasa mfuko wa pili. Akaniangalia.

Hakuwa na chaki, na pale kila mtu huja na yake.

"Anayeingia bila chaki ana hakika na kazi yake," alisema Mama Rola.

Nilifungua mkoba wangu. Chaki yangu ya kushonea ilikuwa mahali pake, kwenye kopo la vifungo. Sikujua kama inaruhusiwa. Nikamtazama Mama Rola, na Mama Rola akageuka, akalitazama dirisha. Alilitazama sana. Dirisha lenyewe lilikuwa na vumbi tu.

Mjukuu wangu akachukua chaki mkononi mwangu, akarudi kazini.

Ti, ti, ti. Aligonga kuanzia kileleni, akazunguka, kila pigo likiwa upana wa kidole kutoka lile lililopita. Wenzake walimaliza. Mmoja akapiga miayo. Ti, ti, ti. Alipofika upande wa kushoto, pale resini ilipokataa, mkono wake ulipunguza mwendo.

Du.

Sote tulisikia, maana palikuwa kimya. Alichora duara la ukubwa wa kiganja. Nilidhani ataweka sarafu chini. Kila mtu alijua kasoro ni ile. Lakini aliendelea, akafika ukingoni, akasimama, akarudia mahali pamoja mara nne huku ameinamisha sikio. Mimi sikusikia tofauti. Akachora duara jingine, dogo kama kifungo cha shati.

Mama Rola alianza. Aligonga mfuniko wote, kisha akaugeuza akagonga tena. Kwenye duara kubwa, du. Kwenye duara dogo alirudia mara nne, kama yeye. Mahali fulani karibu na kileleni alisimama kwa muda ambao mimi sikuupenda hata kidogo. Akagonga. Ti.

Akaweka sarafu mfukoni.

"Mbili," alisema. "Na mbili zote umenionyesha wewe. Zile kumi na nne zangu zimekwenda wapi?"

Kiherehere aliugeukia mfuniko, akayahesabu upya maduara yake kwa kidole.

"Jumatatu uje na msasa uzibe hizo. Jumanne uchukue cheti." Halafu akaongeza, akimwangalia yeye lakini akisema na mimi, "Mkato ule wa jani sikukufundisha mimi. Mwambie aliyekufundisha aje siku moja awafundishe na wengine."

Mjukuu wangu alikuja akanikumbatia na glavu zake zote. Kitenge changu mpaka leo kina alama ya vidole vitano vya kijivu, na hakifuliki, nimejaribu.

*

Beseni halikutundikwa ukutani. Mama Rola alisema anaweza kulikata koti kwa msumeno, ila enameli itapasuka. Nikamwambia aliache. Akaliweka kwenye meza ya wanaoanza. Sasa kila darasa jipya linajifunzia juu yake kulaza kitambaa, na Jumatano mimi huenda na mkasi wangu. Kwa hiyo bado linalea watoto, tofauti ni kwamba hawa wana ndevu.

Kiherehere alianza kazi kiwandani mwezi uliofuata. Jumamosi moja aliingia uani amebeba kitu nyuma ya mgongo, Fundi Baiskeli yuko kwenye kizingiti kama kawaida yake.

"Funga macho, Bibi."

"Nimeshaona. Kinazidi mgongo wako."

Lilikuwa beseni. La faiba, la kijivu kama mifuniko ya matangi, umbo lilelile la lile langu, na kwenye ukingo alikuwa amepaka doa la bluu mahali palepale pa kovu la mwiko. Nililigeuza mikononi. Jepesi kama ungo.

"Halipati kutu, halipasuki," alisema haraka haraka, "litakuogeshea vitukuu, na mikato imehama kila tabaka, na nta nilipaka mara tatu, na..."

"Subiri kwanza," nilimwambia. "Nani ana sarafu?"

Fundi Baiskeli alinipa ya kwake. Nikalipakata beseni, nikaanza kugonga kutoka chini nikizunguka kuja juu, upana wa kidole, bila haraka. Ti, ti, ti. Mke mwenzangu alikuwa amesimama, mguu wake wa kulia unatikisika. Nilimaliza upande mmoja. Ti, ti, ti. Nilikaribia doa la bluu.

Du.

Nikalirudia, maana masikio yangu si ya juzi. Du. Dogo sana, kama punje ya dengu.

Nikatoa chaki yangu mkobani, nikachora duara, nikamrudishia beseni lake.

"Jumatatu uje na msasa," nilimwambia.